Habari za Nyumba Tu

2 Machi

Mpwa wangu Chaki,

Sisi huku wazima, kwa kipimo cha watu wa umri wetu: asubuhi tunahesabiana, hesabu ikitimia tunaendelea na chai. Nakuandikia kwa sababu simu hainifai tena. Sikio la kushoto limestaafu kama mimi, na la kulia linasikia linachotaka. Isitoshe, jambo la maana huandikwa. Maneno ya simu ni kama hesabu ya kichwani. Ukiulizwa njia uliyopita, huna.

Nianze na somo, kisha nije kwenye shida. Najua wewe ndiye uliye Benki Kuu na mimi ni mwalimu wa uchumi niliyebakiwa na kuku, lakini nivumilie, ng'ombe hazeeki maini. Nchi kubwa zimepandisha riba kwao mara nne mfululizo. Zikifanya hivyo, dola iliyokuwa imekuja kwetu kutafuta faida inarudi kwao, maana nani atakaa ugenini wakati nyumbani kunalipa? Dola zikiondoka, fedha yetu inalegea. Ikilegea, mafuta, dawa na ngano vinapanda, kwa kuwa tunavinunua kwa dola. Na serikali ina lile deni la nje linaloiva Juni, nalo la dola. Basi Benki Kuu ina njia mbili. Iuze dola za akiba ili kuishika fedha yetu isianguke, au iiachie ianguke, ipandishe riba, na sote tuumie kwa pamoja. Njia ya kwanza inataka ghala lililojaa. Ghala lina kiasi gani, anajua anayelihesabu. Anayelihesabu ni wewe.

Sasa shida. Chama chetu cha akiba cha walimu wastaafu kina wanachama arobaini na watatu, na mimi ndiye mweka hazina. Amana yetu inaiva tarehe 23. Tarehe 25 kuna mnada wa hati fungani za serikali. Tunaweza kuikopesha serikali kwa miezi mitatu kwa faida ndogo, au kwa miaka kumi kwa asilimia kumi na mbili kila mwaka. Riba zikitulia, miaka kumi ni neema. Zikipanda baada ya sisi kununua, tumekwisha.

Ningeweza kusubiri, lakini macho ya Bi Ramani hayasubiri. Yule aliyekufundisha jiografia darasa la sita, ndiyo. Ana presha ya macho. Daktari anataka kumwekea kijibomba kidogo ndani ya jicho, kinatoka nje ya nchi, kabla Mei haijaisha. Kinachokufa humo hakifufuki. Chama hulipa theluthi mbili ya matibabu ya mwanachama, lakini kwa faida ya sasa mfuko wa matibabu hautoshi. Kwa asilimia kumi na mbili ungetosha, maana benki ingetutangulizia faida ya mwaka wa kwanza tukiweka hati kama dhamana.

Nakuuliza kabla siku zenu za kimya hazijaanza: ungekuwa mimi, ungefanyaje?

Mjomba wako


9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika ikiwa imefunguka pembeni, na mwenzangu wa meza ya pili ameniuliza ni nani siku hizi bado anaandika kwa wino. Nimemwambia ni mtu ambaye akikopa kalamu huirudisha.

Jibu langu unalijua. Siku niliyokula kiapo ulikaa mstari wa mbele ukatokwa na machozi, ukadai ni vumbi. Hapa nilipo ni chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya tatu. Kila siku saa mbili asubuhi najumlisha dola zilizobaki, naandika kwenye karatasi moja tu, naibana kifuani kama mtoto mgonjwa hadi ofisi ya mkurugenzi. Haipigwi picha wala haitumwi kwa kompyuta. Sasa unataka niibebe hadi bandani kwa kuku wako?

Ninachoweza kukuambia ni kile ambacho hata gazeti linajua. Hali si nzuri. Kamati ya kupanga riba inakutana tarehe 27. Itakavyoamua sijui, na leo nasema kweli tupu, sijui. Siku kumi na nne za kimya zinaanza tarehe 13. Kuanzia hapo hatuzungumzi uchumi na mtu yeyote, hata mume. Tutafanya ulivyoshauri mwenyewe nilipoajiriwa: habari za nyumba tu.

Msalimie Bi Ramani. Mwambie bado nakumbuka mito yote mirefu, na kiboko nilichokula kwa kusahau mmoja. Na macho yake, Mjomba, msiyacheleweshe. Halafu nikuulize: mtu anayemsomea jirani gazeti kila siku saa kumi, ukurasa kwa ukurasa hadi matangazo ya vifo, huyo bado ni jirani?

Mpwa wako, Chaki


14 Machi

Chaki,

Mimi ni jirani. Usinichokoze.

Kuku wapo sita, pamoja na jogoo mwenye kiburi cha waziri. Mmoja anataga nje ya banda, najifanya sijui ili asihame. Bomba la jikoni limeanza tena kudondosha. Bi Ramani jana alimimina chai pembeni ya kikombe, akasema meza ndiyo iliyosogea. Nikaisogeza kweli, ili asiwe ameongopa.

Kimya chenu nakiheshimu, sikuulizi kitu. Nasema tu kwamba barua yako ikifika kabla ya tarehe 25 nitafurahi kujua mnaendeleaje. Mumeo anapata kazi? Mafundi umeme ndio wa kwanza kuhisi watu wakiacha kujenga. Na ile nyumba yenu mmeifikisha wapi?

Habari za nyumba tu.

Mjomba wako


18 Machi

Shikamoo Mjomba,

Habari za nyumba basi. Mdogo ameng'oka jino la mbele, na amelificha ndani ya kiatu cha baba yake, ambaye amelikuta kwa kulikanyaga. Mkubwa amekuwa wa nne darasani, anasema wa tatu alimwibia nafasi. Baba yao ana kazi moja ya shule, ya kubadilisha nyaya, wanamlipa kidogo kidogo.

Ile nyumba ilikuwa imekwama kwenye linta mwaka wa tatu sasa, nyasi zimeota sebuleni hadi mbuzi wa jirani anaijua kuliko sisi. Jumatatu tumetia saini mkopo wa kuimalizia. Miaka saba. Mume wangu kalamu ilimtetemeka, akaomba maji. Mimi nikasaini kama naandika orodha ya sokoni. Mabati yanashushwa Jumamosi, na mdogo ameshachagua rangi ya chumba chake, ambayo kwa maelezo yake ni zambarau ya kijani. Sijui dukani nitaiombaje.

Nimechoka kidogo. Silali vizuri siku hizi, labda ni joto.

Jitunze. Ukifunga bomba la jikoni usipande kwenye kile kiti kibovu.

Chaki


26 Machi

Chaki mwanangu,

Barua yako ilifika Jumamosi, nimeisoma mara tatu. Asante. Sitasema asante ya nini.

Jana tumefaulu mnadani. Miaka kumi, asilimia kumi na mbili, akiba yote. Mwanzoni tulikubaliana nusu kwa nusu, lakini Jumatatu nikaitisha kikao nikaomba tuweke yote. Bi Ramani alipinga. Alisimama, akashika mgongo wa kiti, akasema, "Mimi miaka kumi sina, na hapa ndani sioni aliye nayo, ingawa kwa macho haya huenda nimepitiwa na mmoja." Watu wakacheka. Nikawaambia nina sababu ambayo siwezi kuitaja, na kwamba katika miaka kumi na moja ya kushika hazina hii sijawahi kupoteza hata senti. Wakanyoosha mikono kwa ajili ya hilo.

Bi Ramani amenuna. Nimemwambia atanishukuru akianza tena kusoma ramani bila miwani.

Mjomba wako


11 Aprili

Chaki,

Wiki mbili zimepita nami nimeanza barua hii mara tano.

Unayajua kuliko mimi, ila nayaandika ili nione kama kuna mahali nilikosea hesabu. Tarehe 27 riba ya Benki Kuu imeruka kutoka tisa hadi kumi na sita. Siku hiyohiyo mmeiachia fedha yetu, na kwa wiki mbili imeanguka theluthi nzima. Kilichokuwa kinanunuliwa kwa mia sasa ni mia na hamsini. Dawa za matone za Bi Ramani zimepanda Jumanne, zikapanda tena Alhamisi. Muuza duka haandiki bei tena, anasubiri uulize, kisha anakutazama kama anayepima unavyoweza kuumia.

Jumamosi iliyopita wanachama walitaka maelezo. Tulikaa kwenye ukumbi wa shule, nikachukua chaki. Nikawaandikia: karatasi yetu ni ya mia, inalipa kumi na mbili kwa mwaka. Leo serikali inauza karatasi mpya ya mia inayolipa kumi na tisa. Nani atatoa mia anunue ya kumi na mbili? Hakuna. Tukitaka kuuza leo, tunapewa sitini na sita.

Randa, aliyefundisha useremala, alinyoosha mkono. "Kwa hiyo serikali imetuibia?"

"Hapana. Serikali italipa mia kamili."

"Lini?"

"Miaka kumi ikiisha."

"Mwalimu," akasema, "mimi nina themanini na mmoja. Hapo unamwekea nani, mimi au mchimba kaburi?"

Walicheka. Halafu mwalimu mkuu wetu wa zamani akauliza, kwa upole kabisa, "Ile sababu uliyosema huwezi kuitaja, sasa unaweza?" Nikasema siwezi. Hakuniuliza tena, na ningependa angeniuliza.

Kumi na wanne wanataka akiba zao. Benki haikubali tena hati zetu kama dhamana. Mwisho wakapiga kura kusimamisha malipo yote ya matibabu, ili kilichobaki kigawiwe sawa. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Bi Ramani. Aliuinua kuelekea ukutani, akidhani ndiko aliko mwenyekiti.

Daktari ametaja bei mpya leo. Kijibomba ni cha dola. Nimekwenda kwa madalali watatu na hati ya kiwanja changu. Hakuna mwenye fedha mkononi kwa riba hii.

Mjomba wako


17 Aprili

Mjomba,

Barua yako ya tarehe 26 Machi nimeisoma wakati uleule na hii ya pili. Tulikuwa hatutoki ofisini, tukilala kwa zamu kwenye viti, na barua zangu zilikuwa zimerundikwa mapokezi. Mjomba, uliniandikia "asante". Asante ya nini? Mimi nilikuambia nini? Nimejaribu kukumbuka kila sentensi. Jino, mabati, mbuzi. Ulinielewa nini?

Nakuomba msiuze. Sitini na sita ni bei ya hofu. Mkizishika, serikali italipa mia, na kila mwaka kumi na mbili inaingia. Soko huwa linarudi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hasara ya karatasi inakuwa hasara ya kweli siku unapouza.

Kuhusu Bi Ramani, nipe siku chache. Natafuta.

Chaki


24 Aprili

Chaki,

Ndiyo, nilifundisha hivyo. Nilifundisha watu wenye miaka ishirini. Randa alishakujibu kabla hujaandika.

Unauliza nilikuelewa nini. Nitaeleza, ni kazi yangu. Unakumbuka nilichokuwa nakuambia tukisoma gazeti mezani: usimsikilize mtu anayesema juu ya uchumi, tazama amepeleka wapi fedha yake. Uliniandikia, ndani ya siku za kimya, kwamba umekopa kwa miaka saba na mkono haukutetemeka. Nikasema moyoni: huyu anahesabu dola za nchi kila asubuhi. Angekuwa ameona moto, asingejifunga deni la miaka saba. Basi ghala limejaa, fedha itashikwa, riba itatulia au itashuka. Nikaona umenipa jibu bila kuvunja kiapo. Nilijivunia, Chaki. Nilitembea hadi benki kwa miguu, nikiwa nimevaa koti la harusi yako.

Hayo ndiyo niliyoyaelewa. Lakini tangu juzi kuna jambo linanikereketa. Nilikuwa natia matone kwenye macho ya Bi Ramani, yeye akisema nimlenge jicho na si sikio, nikakumbuka somo la kwanza kabisa la mikopo, lile ninalolifundisha kabla ya kitu kingine chochote. Nimelifundisha miaka thelathini na nne. Mwanafunzi aliyelisahau nilimkata alama kumi. Tarehe 21 Machi, barua yako ikiwa mkononi, sikuliuliza, kwa sababu ulikuwa wewe.

Nauliza sasa. Riba ya mkopo wako, inatembea na soko, au imefungwa?

Nijibu kwa neno moja tu, linatosha.

Mjomba wako


3 Mei

Mjomba,

Imefungwa.

Ulitaka neno moja, lakini siwezi kuliacha peke yake. Ni asilimia kumi na tatu kwa miaka saba, haipandi hata dunia ikipinduka. Benki hiyohiyo leo inakopesha kwa ishirini na mbili.

Nilipokuandikia tarehe 9 sikujua kitu, hilo niamini. Alhamisi tarehe 12 nilipeleka karatasi yangu kwa mkurugenzi. Dola zilizobaki baada ya kutenga za deni la Juni zilitosha kuagiza mafuta na dawa kwa wiki tano. Alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya karatasi, kana kwamba tarakimu zinaweza kuruka. Nikajua fedha haitashikwa na riba itapanda sana. Kesho yake kimya kikaanza.

Jumatatu saa nne nikaomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Nilikwenda kusaini mkopo. Mume wangu hajui hadi leo kwa nini nilimharakisha. Tunakatazwa kukopa, kununua wala kuuza chochote katika siku zile. Anayekutwa anafukuzwa na kushtakiwa. Nilijiambia simwibii mtu, nafunga dirisha langu tu kabla ya mvua. Mvua ile nilijua itawanyeshea nani.

Sasa lile nisiloweza kulijibu. Kwa nini nilikuandikia? Ningeweza kuishia kwenye jino. Ulinifundisha nikiwa na miaka kumi na minne, tukimenya njugu jikoni: mtu akikuambia amekopa, usiulize kiasi, uliza riba inatembea au imefungwa. Nilipoandika sentensi ile nilijua utauliza. Siku nyingine nasema niliiandika ili kukuonya, ukanielewa kinyume. Siku nyingine nasema niliropoka kwa sababu nilikuwa najivunia ujanja wangu nikataka mtu mmoja aone. Na kuna siku nasema ningekuwa na nia ya kukuonya ningekuonya. Ningeandika "usinunue". Neno moja tu, Mjomba. Nilitunza kiapo kwako, nikakivunja kwa ajili ya mabati.

Humu ndani kuna hundi ya benki. Ni mkopo wenyewe, sehemu ambayo hatujatumia. Inatosha jicho moja na zaidi kidogo. Nyumba itabaki bila dari. Ni fedha gani unaijua, na mweka hazina wa aina yako huenda asiiguse. Nakuomba uiguse.

Chaki


13 Mei

Kwa Chaki,

Huyu ni mwalimu wako wa jiografia. Mwandiko ni wa fundi cherehani wa mlango wa pili, kwa hiyo makosa ni yake na maneno ni yangu. Anasema hakosei. Tutaona.

Mjomba wako hajui kwamba nakuandikia. Amekwenda tena kwa madalali. Jicho langu la kulia lilizimika Jumapili, bila maumivu, kama mtu aliyetoka chumbani bila kuaga. La kushoto naona kwa kuchungulia, kama ndani ya bomba. Ukikaa mbele yangu naiona pua yako. Masikio yako siyajui. Sikuambii ili unihurumie. Nimeiona dunia, na ile sehemu ambayo sikuiona niliichora ubaoni.

Nakuandikia kwa ajili yake. Mjomba wako haelezi tena. Juzi nilimuuliza kwa nini mkate umepanda, akasema, "Umepanda." Basi. Mtu huyu miaka yote ukimuuliza bei ya mkate anaanzia kwenye bandari. Nikajua anaumwa. Gazeti ananisomea vichwa vya habari tu. Kwenye chama amejiuzulu, wakamkatalia, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kujaza zile fomu. Randa kila akipita anamsalimia kwa sauti kubwa ili aonekane hana kinyongo, na hiyo inamuumiza kuliko matusi.

Kuna bahasha yako chini ya redio. Naisikia. Anainua redio, anatoa karatasi, anasimama, anairudisha, redio inakaa chini. Wiki nzima sasa. Siulizi kilichomo, nilifundisha wasichana miaka mingi, najua barua isiyotaka kusomwa. Lakini kama humo kuna kitu cha kumtua mzigo, mwambie akitumie. Ana tabia ya kukaa na dawa mkononi akisoma maelezo yake mpaka mgonjwa afe.

Alinikosea, ndiyo. Nilisimama nikamwambia sina miaka kumi, akaniahidi ramani. Namdai ramani. Lakini kumpoteza yeye pamoja na macho ni mengi kwa mwaka mmoja.

Yule mto uliousahau darasa la sita, nakumbuka ni upi. Sikuambii.

Mwalimu wako


20 Mei

Chaki,

Hundi nimeipeleka hospitali jana. Jicho la kulia wamesema halina la kufanywa. La kushoto watalipasua Jumanne. Daktari hakuahidi.

Bi Ramani ameniuliza fedha imetoka wapi. Nimemwambia chama kimebadili uamuzi.

Nimeuza hati za wale kumi na wanne kwa sitini na tatu. Zilizobaki nimezifungia kabatini. Mkuu wa zamani aliniuliza tena ile sababu, tukiwa wawili tu njiani, nikamwambia sikuwa nayo, kwamba nilijidai mbele ya watu. Alinishika bega. Usimwambie mumeo, na usijipeleke kwa mkurugenzi wako. Watoto wanakula.

Barua yako ya tarehe 3 nimeichoma leo asubuhi jikoni, na ile ya mabati pia. Bi Ramani alisikia harufu, akauliza nachoma nini. Nikamwambia ni mitihani ya zamani.

Akaniambia nifungue dirisha. Ameniamini.

Mjomba wako